Mwaka Tulioshona Sura za Waliofukuzwa

Juma lililopita tulimzika Mama Régine, na siku ya mazishi yake nilicheka mahali ambapo mtu hatakiwi kucheka. Tulikuwa tumekaa uani kwake, hapa Kolwezi, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wanawake upande wa jikoni, wanaume upande wa barabara, na sufuria kubwa ya sombe, yaani kisamvu, ilikuwa inachemka bila mtu wa kuikoroga kwa sababu kila mtu alikuwa anaongea. Kijana mmoja mwenye simu alipita kati yetu akichukua video: jeneza, kwaya, wajukuu, hata viatu vya padri. Baadaye akaja kuketi karibu nami, akatelezesha kidole mara mbili tatu juu ya kioo, na kabla chai yangu haijapoa akanionyesha filamu nzima, imekatwa, imeunganishwa, ina jina la marehemu mwanzoni na wimbo chini yake. Nikamwuliza amewezaje kuunganisha vipande vyote vile. Akanitazama kwa huruma, akanijibu kwamba vinajiunga vyenyewe. Hapo ndipo kicheko kikanitoka. Mama tuliyekuwa tunamlilia alinilisha mwaka mzima kwa kazi hiyo hiyo ya kuunganisha vipande, na hakuna hata kimoja kilichojiunga chenyewe.

Siandiki hapa habari za wazazi wangu wala za shule niliyosoma. Anayezitaka ataniuliza siku nikiwa na nafasi. Ninautaka ule mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, maneno mengi mdomoni na subira kidogo, na kazi yangu ilikuwa kupima magunia ya mawe ya shaba kwenye depo moja kando ya barabara ya Musonoi, mtaa wa wachimbaji. Kisha bei ya shaba ikaanguka huko ng'ambo, na wanunuzi wakafunga geti wakaondoka, hata mizani hawakuacha. Sijawahi kuona mji ukinyamaza haraka namna ile. Wachimbaji walianza kuuza mabuti yao barabarani, baa za Musonoi zikazima muziki, nyumba zilizokuwa zinagombaniwa zikakaa tupu na milango ikaanza kuibwa. Vijana waliokuwa wamekwisha kuposa waliahirisha harusi. Hilo la harusi ndilo lililomwumiza Mama Régine, kwa sababu alikuwa mshonaji wa zamani aliyegeuza chumba chake cha kushonea kuwa studio ya video, na video zake zote zilikuwa za harusi. Hata hivyo alinichukua. Alisikia kwamba ninaandika kwa mashine kwa vidole vyote bila kutazama, akasema mtu kama huyo hawezi kuachwa akae nyumbani kukunja kanga.

Chumba kile ningeweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Ukutani kulikuwa na maporomoko ya maji yaliyopakwa rangi, ya buluu kupita kiasi, ambapo maharusi walisimama kupigwa picha. Vyerehani viwili vilikuwa bado pembeni vimefunikwa shuka. Katikati, juu ya meza ya kukatia vitambaa, ilikaa kompyuta nyeupe iliyogeuka manjano, na juu yake Mama Régine alikuwa ameweka kitambaa cha kufuma kana kwamba ni redio ya sebuleni. Umeme ulikuja asubuhi na kuondoka ulipojisikia. Ukiondoka tulikula: bukari, ugali wetu, na bitoyo, wale samaki wa chumvi, au bukari na sombe, tukiwa tumekaa kwenye mkeka chini ya yale maporomoko. Dirisha lilitazama bomba la maji la mtaa, kwa hiyo mazungumzo ya wanawake waliopanga foleni yaliingia chumbani na chakula chetu: nani amerudi kwao Kasai, nani ameacha mke, nani anachimba tena kwa kujificha. Ni kwa dirisha lile tulisikia kwanza kwamba Angola inawafukuza watu wetu, kwamba wanashushwa mpakani kwa malori, na kwamba treni inayotoka magharibi, siku inapotoka, inafika imejaa watu wasio na mizigo. Mama Régine alisikiliza akiwa na tonge mkononi. Familia ya mumewe ilikuwa ya Kasai, na miaka ya nyuma alikwisha kuona ndugu wakifukuzwa na kupandishwa treni za kuondoka Katanga, kwa hiyo habari ya watu wasio na mizigo haikumshangaza, ilimkasirisha tu.

Moïse aliingia kwetu asubuhi moja ya mvua. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na zaidi, mwenye shati lililofungwa vifungo hadi shingoni na mabuti ya mpira ambayo kwa hakika hayakuwa yake, na alisimama mlangoni kwa majivuno ya mtu aliyealikwa. Alisema, akiinyoshea kompyuta kidole, "Mama, kama uko na ordinateur, mi niko na kazi." Mama Régine alimwuliza kazi gani tena, na harusi hazipo. Hakubishana. Aliomba wembe, akaketi kwenye stuli, akafumua pindo la suruali yake, na ndani yake ikatoka flashi ndogo nyeusi iliyofungwa kwa nailoni. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho Luanda. Alikuwa fundi wa video kule, kwenye studio ya harusi kama yetu ila kubwa, na askari walimchukua barabarani akiwa anatoka kununua mkate. Hakurudishwa nyumbani hata kumwambia mkewe kwaheri. Mkewe aliitwa Georgette. Alikuwa na mimba kubwa, na walikuwa na binti wa miaka sita, Nelita. Baada ya siku kadhaa mpakani, watu waliofika nyuma yake walimwambia kwamba mtaa wao nao ulikuja kuondolewa wote, wengine wakatupwa upande wa Kasai, wengine upande wa Dilolo, na hakuna aliyejua Georgette alipandishwa lori lipi. Moïse alikuja na njia ya reli akiuliza kila kituo, Kasaji, Mutshatsha, hadi Kolwezi. Alitueleza yote hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonipa wazimu mwaka ule. Mama Régine alikuwa na programu ya kuunganisha video yenye vitufe vya rangi, iliyoganda kila nusu saa na kupoteza kazi yote. Moïse aliifunga, akachomeka flashi yake, na kikafunguka kidirisha cheusi chenye mstari mmoja mweupe unaopepesa. Basi. Hakuna picha, hakuna kitufe, hakuna kitu cha kubofya. Mama Régine aliinama nyuma yetu akauliza, "Umeua machine yangu?" Moïse akacheka kwa mara ya kwanza. Aliandika jina la faili, akaandika anachotaka lifanyiwe, akaandika jina la faili litakalozaliwa, akabonyeza, na tarakimu zikaanza kukimbia chini ya kioo. Nilihisi nywele zinanisimama. Mimi niliyekuwa napima magunia na kuambiwa nimekosea, mbele yangu kulikuwa na mashine inayotii maneno. Nilimsukuma kando siku ile ile nikaandika mwenyewe. Alinionya jambo moja juu ya mashine ile, na alilisema polepole: "Yeye hauliziake mara mbili. Ile unaandika, njo ile atafanya." Mara ya kwanza nilipounganisha vipande viwili vya harusi ya zamani, bibi harusi akaingia kanisani katika kipande cha kwanza na kufika altareni katika cha pili bila hata kupepesa, nilitoka mbio hadi bombani kuwaambia wanawake. Hawakuelewa hata neno, lakini walinipigia vigelegele kwa sababu nilionekana ni mtu aliyepata jambo.

Kulikuwa na fundisho la pili, na hilo ndilo kazi yenyewe. Vipande haviungani kwa sababu tu umevitaka. Kamera ya Mama Régine iliandika picha kwa namna yake, simu ziliandika kwa namna zao, hii ina picha pana, ile ina picha nyembamba, hii inakwenda haraka, ile polepole. Ukivishona hivyo hivyo, programu itakataa, au mbaya zaidi itakubali, kisha mtu atafungua mdomo na sauti yake itamfuata baadaye. Kwa hiyo kwanza unageuza kila kimoja, unakiandika upya hadi vyote viwe na kipimo kimoja, kisha ndipo unaviunganisha. Kugeuza kulichukua muda mrefu kuliko kupika maharage, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Mama Régine aliita jambo lote hilo kushona, na alilielewa kuliko nilivyodhani: alisema hata nguo huwezi kuunganisha kitambaa ambacho hakijafuliwa na kile kilichofuliwa, vitavutana. Nilimpenda sana siku ile.

Wazo la filamu lilikuwa lake. Dirisha lilikuwa limetuletea habari kwamba kuna waliofukuzwa wamelala parokiani Kasaji, wengine kwenye veranda za shule Mutshatsha, wengine Musonoi kwa jamaa, na kila mtu anamtafuta mtu aliye labda kituo kinachofuata. Mtandao wa simu ulikuwa haujafika Kasaji. Simu huko zilikuwa za kusikilizia nyimbo na kupigia picha. Mama Régine aliweka sahani chini akatukumbusha desturi yetu ya harusi, kwamba kabla ya chakula kila upande wa familia unasimama mbele ya kamera kujitambulisha. "Hata bale basimame," alisema. "Kila mutu aseme jina yake, fasi alitoka, na mutu anatafuta. Tutashona, tutaonyesha ku ma parokia yote." Mimi na Moïse tukaanza kuongea kwa wakati mmoja. Kulikuwa na motard mmoja, mwendesha pikipiki tuliyemwita Tata Gaby, yaani Baba Gaby, aliyekuwa akisafirisha chumvi na sabuni hadi Kasaji kwenye njia ile ya mchanga. Alikubali kuchukua picha kwa simu yake na kuwaomba wenzake wafanye vivyo hivyo. Sisi tulichukua za Musonoi kwa kamera.

Vipande vikaanza kufika, ndani ya kadi ndogo zilizofungwa kwenye pembe za vitambaa. Sijui nielezeje furaha ya kufungua kadi usiyojua ndani yake kuna nani. Mzee aliyejitambulisha kwa Kireno na Kilunda na kumalizia kwa wimbo. Mwanamke aliyetaja watu wa mtaa mzima aliowaona hai, akihesabu kwa vidole. Dada wawili waliogombana mbele ya simu kuhusu nani aseme kwanza. Mvulana wa miaka kumi hivi, amesimama parokiani Kasaji, akisema anaitwa Djo na anamtafuta mama yake. Tuligombana sana kuhusu mpangilio, maana Mama Régine hakukubali mzee aonekane baada ya kijana, hata kama mzee alifika kwetu jana na kijana juma lililopita, kwa hiyo kila mzee mpya alipokuja nilibomoa safu nikaanza tena. Lakini kabla ya kugeuza chochote Moïse alivipitia vipande vyote, kimoja kimoja, akiwa ameinama karibu na kioo, anatazama hata waliopita nyuma ya anayeongea. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wake. Mgongo ukilegea, nilijua Georgette hayumo, naye alinyoosha shati na kusema tuendelee. Siku ya treni alikwenda stesheni, akarudi, akanawa mikono, akaketi kwenye kompyuta.

Moïse mwenyewe hakutaka kuchukuliwa picha. Alidai fundi hakai ndani ya picha, fundi anakaa nyuma. Mama Régine alimwambia asituletee ufundi wa Luanda, akamsukuma mbele ya maporomoko ya buluu, na mimi nikawasha kamera. Alisema, "Georgette, ni mi. Niko Kolwezi kwa Mama Régine, karibu na bomba. Niko muzima. Kama uko fasi fulani, tuma neno. Kama mutoto alishazaliwa, tuma neno. Kama Nelita..." Hapo akakwama. Alinipungia mkono nizime, lakini sikuzima, na kipande kile sikukikata mahali popote. Nilikiweka cha mwisho, nyuma hata ya watoto, kwa kuwa mwenyewe alisema fundi anakaa nyuma.

Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye ukumbi wa parokia ya Musonoi, Jumapili baada ya misa, kwa televisheni ya kuazima na jenereta iliyopiga kelele nje. Ukumbi ulijaa hadi watu wakapanda madirishani. Na hapa lazima nieleze kosa letu, ambalo nadhani ni watu wa studio za harusi tu wangeweza kulifanya. Kwetu filamu bila muziki si filamu. Kwa harusi tulikuwa na amri moja ndefu tuliyoihifadhi ili tusiiandike kila mara, na ndani yake kulikuwa na kistari na herufi mbili zinazoiambia programu ifute sauti yote iliyomo, kisha nyuma yake maneno ya kuweka kwaya badala yake. Sisi watatu, hata fundi wa Luanda, tulitumia amri ile ile bila kufikiri, na tulikagua picha tu kwa sababu umeme ulikuwa karibu kuondoka. Kwa hiyo ukumbini ikaanza kwaya nzuri kabisa, na mzee wa kwanza akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akaja wa pili, naye midomo inacheza tu. Nilitamani sakafu inimeze. Moïse alishika kichwa, Mama Régine akaanza kutembea kuelekea televisheni kuizima.

Hakuifikia. Sauti ya mwanamke mmoja ilitoka katikati ya viti, sauti ya kawaida, kama ya mtu anayemwonyesha jirani kitu: "Ule ni tata wa Kambove, ule wa baiskeli. Alikuwa jirani yetu kule Angola." Mtu mwingine akataja jina la mzee. Akaja yule mwanamke wa kuhesabu kwa vidole, na watu watatu wakamtaja kwa pamoja. Kuanzia hapo ukumbi haukukaa tena. Kwa kuwa hapakuwa na sauti, walitoa sauti wao. Kila sura iliyokuja ilipata jina, mtaa, jina la mke, kazi aliyofanya, na waliochelewa kutaja waliomba turudishe nyuma. Alipotokea yule mvulana, mwanamke aliyekuwa amesimama kando ya mlango na ndoo kichwani aliishusha chini taratibu, akasema, "Ni Djo. Mutoto yangu ni ule." Ndoo ilibaki pale pale mlangoni hadi jioni, kwa sababu hakuna aliyemwacha mama yule aibebe tena. Nilikuwa nalia na kucheka, nimemshika Moïse mkono kwa nguvu hata akaniomba nimwachie. Filamu mbovu kuliko zote tulizotengeneza ilikuwa imemrudisha mtoto kwa mama yake. Huyo mama aliondoka keshoye nyuma ya pikipiki ya Tata Gaby.

Tuliishona upya usiku ule ule kwa jenereta ile ile, safari hii na sauti zote, na muziki mwanzoni tu ili Mama Régine apate usingizi. Tata Gaby aliibeba kwenye diski, akimbeba na yule mama, na tukaanza kungoja. Kungoja kulikuwa na furaha ya aina yake. Kila siku mtu alipiga hodi kusema amemwona shemeji yake kwenye filamu ya Musonoi, au kuomba naye ajitambulishe. Bei ya shaba ilikuwa bado chini, hatukuwa na harusi hata moja, tulikula bukari na majani siku nyingi mfululizo, na sikumbuki kipindi kingine cha maisha yangu nilichoamka nikikimbilia kazini namna ile. Lakini Moïse alianguka kwa homa. Alilala kwenye mkeka chini ya maporomoko, anatetemeka, Mama Régine akimnywesha kinini na uji, na kinini kilimziba masikio hadi tukawa tunazungumza naye kwa kupaza sauti. Siku ya treni hakuweza kwenda. Alinituma mimi, nikaenda, nikarudi peke yangu, nikakuta anatazama mlango.

Tata Gaby alirudi mchana mmoja, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alisema hana muda, anapakia chumvi na kuondoka kabla ya mvua ya jioni, akanipa kadi iliyofungwa kwenye kitambaa, na akasema ni ya fundi. Nilimwuliza imetoka kwa nani. Alisema mwanamke fulani aliomba simu ya motard mwenzake baada ya filamu, akatoka nayo nje, akairudisha, na yeye hakutazama. Umeme ulikuwepo. Moïse alikuwa ameshajiinua kwenye kiwiko. Nilichomeka kadi, nikafungua faili, na kwenye kioo akatokea mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ameketi kwenye ngazi za parokia. Picha ilichezacheza, ilichukuliwa kutoka chini, kana kwamba mpiga picha ameketi mavumbini. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Moïse alikuwa ametambaa hadi kwenye miguu ya stuli yangu. Georgette alikuwa anaongea, uso wake hautabasamu, na hakuna sauti iliyotoka. Kisha akainama, akainua kitu kilichovikwa kitenge, akakifunua upande wa kichwa. Mtoto mchanga. Akaendelea kuongea kwa uzito ule ule, kisha picha ikaisha.

Moïse aliuliza kwa sauti kubwa, "Ni kinini njo inaziba masikio yangu?" Nilimwambia hapana, hata mimi sisikii. Akatazama kioo kilichokuwa tupu. "Nelita iko wapi?" akauliza. "Anasema nini ya Nelita? Juu ya nini hachekake?" Akasema turudie, tukarudia. Mwanamke, ngazi, mtoto mmoja tu, midomo inayosema jambo zito. Moïse akaanza kunieleza tatizo, kwamba simu ile huandika sauti kwa namna ambayo kompyuta yetu haiijui, kwamba programu ya kwenye flashi inaijua, lakini meno yalikuwa yanagongana na maneno yakatoka nusu Kireno. Alinyoosha mkono kuandika, vidole vikaangukia herufi tatu kwa pamoja. Sitasema nilikuwa mtulivu. Nilikifungua mwenyewe kile kidirisha cheusi, nikaandika jina la faili, nikaandika picha ibaki ilivyo, sauti igeuzwe, nikaandika jina jipya, nikabonyeza. Programu ikakataa, nilikuwa nimekosea jina. Mama Régine alikuwa ameshika mabega yangu, Tata Gaby amesimama mlangoni na gunia begani akiwa amesahau kulishusha. Niliandika tena, herufi moja moja, nikaisoma kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sababu yule haulizi mara mbili. Tarakimu zikakimbia. Nikafungua faili jipya, nikainua sauti hadi mwisho.

"Moïse, nilikuona," alisema Georgette. "Umekonda, na ile shemishi ya vifungo haiko yako. Nelita njo anakamata telefone, usimugombeze kama picha inacheza. Ona, ni uyu. Ni muvulana, alizaliwa mu njia, Dilolo ilikuwa ingali mbali. Batu ba parokia banataka kumupatia jina, padri naye anataka. Mi nilibakatalia. Jina iko kwa baba yake. Kama uko muzima vile unasema, tuma jina." Na nyuma ya simu, karibu sana, sauti ya mtoto wa kike iliuliza kwa Kireno, na Moïse akanitafsiria baadaye, kama inatosha sasa au aendelee.

Nilidhani atalia. Alisimama. Alishika meza, akajaribu kuvaa mabuti yale ya mpira, akakosea mguu, akasema anapanda pikipiki sasa hivi. Mama Régine alimkalisha kwa mkono mmoja tu. Siku mbili za mchanga na homa ile, alimwambia, Georgette atapata maiti. Treni haikutarajiwa karibuni. Tata Gaby alisema pole, wingu limeshapanda, yeye lazima aondoke. Moïse akageuka kwangu, akaniuliza kama kamera ina chaji. Mama Régine alimfunga vifungo vya shati hadi shingoni na kumfuta jasho. Hakutaka kuketi. Alisimama mbele ya maporomoko yale ya buluu, ameegemea ukuta kwa kisigino, na safari hii hakuhitaji kusukumwa.

Nilikigeuza kipande chake kiwe kidogo, kiingie kwenye simu ya Tata Gaby, nikakisikiliza mara tatu nikiwa na hakika kwamba sauti imo, na pikipiki ikaondoka na matone ya kwanza. Moïse mwenyewe aliifuata kwa treni siku zilizofuata, miguu yake ikiwa bado dhaifu, na jina lilikuwa limemtangulia. Muteba, jina la baba yake Moïse. Kabla ya mama aliyemzaa, kabla ya dada yake, kabla ya padri na watu wote wa Kasaji, nililisikia mimi kwanza, nikiwa nyuma ya kamera, na Moïse alikuwa ameniambia nisitikise kamera.